Tusage viungo wenyewe: vya pilau, vya samaki wa ziwa na vya chai (uzi wa wapishi wa Mwanza)

Mpishi_Buzuruga

Habari za asubuhi wadau, na kwa watu wa nyumbani, mwangaluka.

Uzi huu nimeuwaza tangu Desemba. Nilipewa kazi ya kupika pilau ya shughuli moja kule Mabatini, mchele kilo 20, mchele wa Magu safi kabisa, na nyama niliichagua mwenyewe alfajiri. Muda ulikuwa mfinyu, nikanunua viungo vya pilau vilivyokwisha sagwa, vile vya kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo iliyo wazi. Nilipofunua sufuria nikakutana na mvuke wa wali mtupu. Rangi ipo, harufu hakuna. Nilirudi nyumbani na ule unga uliobaki, nikausugua kiganjani: haunukii. Nikaonja, nikahisi kama ninalamba unga wa mahindi. Wageni walikula na hakuna aliyelalamika, lakini mimi sikupata usingizi.

Tangu siku hiyo sinunui kiungo kilichosagwa. Nanunua punje nzima, nazikaanga, nazisaga, na nasaga kidogo, cha wiki 2 au 3 basi. Hilo la kusaga kidogo ndilo ninalotaka mlishike kuliko vipimo vyote nitakavyoandika hapa.

Harufu ya kiungo ni mafuta mepesi yaliyofungiwa ndani ya punje. Ukiisaga umeyafungulia mlango, yanaanza kuruka hewani siku ileile. Bizari nyembamba ikiwa nzima na imetunzwa vizuri hukaa hata miaka 2 na nguvu yake. Ikisagwa, miezi michache tu unabaki na vumbi la kahawia. Kwa hiyo mtu anayesaga kopo kubwa la mwaka mzima amejisumbua bure, atakuwa na kilekile cha kwenye ndoo.

Tena punje nzima unaikagua kwa macho. Mimi nikinunua naangalia hivi:

Karafuu: bonyeza kichwa chake kwa ukucha. Nzuri inatoa mafuta kidogo na kidole kinanukia. Iliyokwisha kukamuliwa mafuta ni kavu, nyepesi, na ukiitia kwenye maji inaelea kwa ubavu. Nzuri huzama au husimama wima.

Pilipili manga: wapo wanaochanganya na mbegu za papai zilizokaushwa. Tia punje chache kwenye glasi ya maji. Mbegu za papai huelea, pilipili nzuri nyingi huzama. Na ukitafuna moja huwezi kukosea.

Mdalasini: kuna wenye gome jembamba lililojikunja tabaka nyingi kama sigara, unavunjika kirahisi kwa vidole, utamu wake ni wa taratibu. Na kuna gome nene, gumu, tabaka moja, harufu kali. Huu mgumu ndio umejaa sokoni. Kwenye pilau haunikeri, kwenye chai natafuta ule mwembamba.

Sasa vipimo vyangu vya pilau: bizari nyembamba vijiko 4 vya chakula, pilipili manga kijiko 1 cha chakula, hiliki 15 na maganda yake, mdalasini vipande 2 vya urefu wa kidole, karafuu kijiko 1 cha chai kisichojaa. Karafuu ikizidi inatawala chungu kizima na kuacha ganzi ulimini, usiiongeze kwa mapenzi. Kwa kilo 1 ya mchele natia kijiko 1 na nusu cha chakula, na pembeni natupia punje nzima chache.

Kukaanga ndiko kwenye kazi. Kikaango kikavu, bila mafuta, moto wa mkaa uliotulia. Usimwage vyote pamoja. Anza na mdalasini, karafuu na hiliki, fuatisha pilipili manga, bizari iwe ya mwisho kwa sababu punje zake ni ndogo na zinaungua ukigeuka kumjibu mtoto. Koroga mfululizo. Harufu ikipanda na bizari ikibadilika rangi kidogo tu, mimina kwenye sinia papo hapo. Ukiziacha kwenye kikaango zinaendelea kuiva hata kama umeepua. Halafu, jamani, ziache zipoe kabisa. Punje za moto zikisagwa zinatoa mvuke, unga unashikana mabonge, na kwenye chupa unapata ukungu.

Viungo vya samaki ni tofauti, nami nasema wazi kwamba unga wa pilau kwenye sato ni kumwonea samaki. Sato nyama yake ni laini na ladha yake ni ya chini, mdalasini na karafuu zinamfunika. Kwake natumia: giligilani vijiko 2 vya chakula, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, pilipili manga kijiko 1 cha chai, manjano kijiko 1 cha chai, tangawizi kavu kijiko 1 cha chai, pilipili kavu nusu kijiko cha chai. Giligilani, bizari na pilipili manga zikaangwe. Manjano na tangawizi ya unga usizikaange kavu, zinaungua mara moja na kuwa chungu. Kijiko 1 cha chakula kinatosha kilo 1 ya samaki. Kitunguu saumu natwanga kibichi siku ya kupika.

Mtaona sijataja chumvi popote. Chumvi haikai kwenye chupa yangu, na sababu nitaieleza kama kuna atakayeuliza.

Kutunza: chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, kabatini, mbali na jiko na mbali na dirisha. Hapa kwetu ziwa liko mlangoni, na mvua zikianza Oktoba unyevu unaingia kila mahali. Usinyunyize kutoka kwenye chupa moja kwa moja juu ya sufuria inayochemka, mvuke unapanda ndani. Chota kwa kijiko kikavu.

Vya chai nitaweka kesho. Karibuni mniongezee.

Kaka_Kirumba

Mkuu, asante kwa darasa. Mimi ni msela wa chumba kimoja, sina kinu wala mashine. Nina blenda ndogo ya juisi. Inafaa?

Fundi_Nyakato

@Kaka_Kirumba inafaa ukitumia ile jagi ndogo ya kusagia vikavu, sio jagi la juisi. Jaza nusu tu. Bonyeza sekunde 10, pumzisha, tikisa, bonyeza tena. Ukiiacha izunguke mfululizo mota inapata moto na unga pia unapata moto, ile harufu unayoitafuta inaishia hewani chumbani. Chekecha kwa chujio la chai, makapi yarudishe.

Onyo moja kutoka meza yangu ya ufundi: manjano kavu mazima, yale kama vidole, usiyatie kwenye blenda ya nyumbani. Ni magumu kama kokoto. Nimeshabadilisha visu na vikombe vilivyopasuka kwa ajili hiyo mara nyingi. Yapondeponde kwanza kwenye kinu cha mti mpaka yawe chenga, ndipo blenda imalizie.

Kaka_Kirumba

Nimekupata fundi. Kumbe ndiyo maana ya jirani ilikufa.

BintiTanga_Mwanza

Salaam. Mimi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku mwaka wa tisa sasa. Dada Mpishi umeandika vizuri na nimefurahi hukutia manjano kwenye pilau. Huku nimekuta watu wengi wanatia ili iwe na rangi, wengine hata rangi ya dukani. Pilau ya kwetu rangi yake inatoka kwenye kitunguu. Ukikate chembamba, ukikaange kwenye mafuta ya kutosha mpaka kiwe kahawia iliyokolea, si dhahabu, kahawia, halafu ukitie maji kidogo kiachie rangi. Hapo ndipo tangawizi na saumu zinaingia, kisha viungo.

Na nina jambo la kubishana kidogo. Unasema unakaanga viungo kavu. Sisi kwetu bizari tunaisaga mbichi, inaivia kwenye mafuta pamoja na kitunguu. Mafuta yale ndiyo yanayobeba harufu na kuisambaza kila punje ya mchele. Ukiikaanga kavu, ukaisaga, ukaikaanga tena kwenye mafuta, umeiivisha mara mbili.

Kingine, nunueni hiliki ya kijani iliyofumba. Ikishakuwa nyeupe na kufunguka mdomo, mbegu zake zimekauka. Ya Usambara ikifika hapa ikiwa mpya hata mfuko unanukia kabla hujafungua.

Mpishi_Buzuruga

@BintiTanga_Mwanza shikamoo dada, na asante. Kwenye mafuta uko sahihi, harufu nyingi za viungo hunyonywa na mafuta kuliko maji, ndiyo maana anayetia viungo kwenye maji yanayochemka analalamika kwamba pilau imepooza. Kwa kukaanga kavu sirudi nyuma kwa sababu mbili. Kwanza punje zinakuwa kavu na kusagika laini. Pili, joto lile linazaa harufu mpya ambayo bizari mbichi haina, kama vile karanga mbichi na karanga iliyokaangwa ni vitu viwili. Ila kwenye mafuta sizicheleweshi, nikitia tu nageuza mara mbili tatu na nyama inafuata.

Wiki ijayo nitapika kwa njia yako, sufuria mbili, nilinganishe.

BintiTanga_Mwanza

Marahaba mdogo wangu. Ukilinganisha lete majibu hapahapa, usinifiche.

Mvuvi_Nansio

Wakuu habari za bara. Niko Ukerewe, nimezaliwa na samaki. Niongeze kwenye sato kwa sababu viungo peke yake havitoshi.

Ile harufu ya tope ambayo watu wa mjini wanailalamikia haitokani na samaki kuoza. Kuna vijidudu na mwani kwenye maji vinavyotengeneza kitu kinachoitwa jiosmini, ndicho hichohicho kinachotoa harufu ya udongo mvua ikianza kunyesha. Kinaingia kwenye nyama ya samaki, hasa anayeishi maji ya kina kifupi. Tindikali ndiyo inayokivunja, ndiyo maana bibi zetu wanaosha samaki kwa ndimu. Kwa hiyo ndimu kwanza, viungo baadaye. Lakini usimlaze kwenye ndimu saa nzima. Dakika 15 au 20, kisha mkaushe kwa kitambaa. Ukimwacha sana nyama inakuwa nyeupe na kukaza kama imeshaiva, na viungo haviingii tena.

Mkate mikato mitatu kila upande, sugua viungo kwenye mikato na tumboni. Mafuta yawe yamepata moto haswa. Samaki mwenye maji akitumbukia kwenye mafuta ya vuguvugu, viungo vyote vinabaki chini ya karai.

Sangara ni habari nyingine. Ana mafuta na minofu minene, yeye anavumilia pilipili manga nyingi na hata karafuu kidogo. Kwa sangara wa kuchoma mimi naongeza shamari iliyosagwa, nusu kijiko cha chai kwa kilo.

Dagaa: nawakaanga kavu, natoa vichwa, naosha kwa maji ya moto mara mbili mchanga utoke. Viungo vyake ni pilipili manga, giligilani na pilipili kichaa, basi. Manjano kwenye dagaa sipendi. Nyanya, kitunguu, mwisho karanga zilizotwangwa. Ugali wa muhogo pembeni.

Dada_wa_Musoma

Mvuvi umenifungua macho kwenye kukausha samaki kwanza. Miaka yote viungo vinabaki kwenye karai, nikadhani vipimo vyangu ni vibaya.

Mzee_Kishiri

Mama Mpishi, umesema chumvi haikai kwenye chupa yako na sababu utaieleza ukiulizwa. Mimi nauliza. Nina miaka 61, daktari ameniambia presha iko juu na nipunguze chumvi. Mke wangu anasema chakula bila chumvi hakilishi.

Mpishi_Buzuruga

Shikamoo mzee wangu. Pole sana.

Mama yangu mzazi alipatwa na hali hiyohiyo. Tulipunguza chumvi ya kopo na tukaona tumemaliza, presha ikabaki palepale. Siku moja nikakaa jikoni nikaangalia kila kinachoingia kwenye sufuria. Kulikuwa na vile vidonge vya mchuzi, viwili kila pishi, na ule unga wa kuungia nyama wa kwenye pakiti. Nikasoma pakiti. Viambato huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kinachozidi kinatangulia. Cha kwanza kwenye vyote viwili kilikuwa chumvi. Tulikuwa tunatoa kwa mkono mmoja na kurudisha kwa mwingine.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko 1 cha chai, ikiwa ni pamoja na ile iliyomo kwenye mkate, kwenye vidonge na kila kitu. Chumvi ikiwa ndani ya mchanganyiko wa viungo huwezi kuihesabu: ukitaka harufu zaidi unaongeza chumvi bila kukusudia. Ikiwa kando, unaiona.

Kwa mama nilifanya hivi. Niliongeza ndimu, tangawizi na pilipili manga, nikakaanga giligilani na bizari kwa wingi kidogo kuliko kawaida, na chumvi nikaitia mwishoni, kidogo, baada ya kuonja. Uchachu na harufu vinaufanya ulimi usiitafute chumvi sana. Wiki mbili za kwanza alinung'unika. Baadaye akienda kwa watu anasema chakula chao kina chumvi. Hata hivyo mzee, dawa za daktari usiziache, viungo ni chakula tu. Na chumvi hiyo kidogo iwe ile yenye madini ya joto.

Mzee_Kishiri

Marahaba. Nimemsomea mke wangu. Amekwenda kuangalia pakiti. Wabeja sana.

Mpishi_Buzuruga

Nimerudi na vya chai kama nilivyoahidi: tangawizi kavu vijiko 3 vya chakula, mbegu za hiliki bila maganda kijiko 1 cha chakula, mdalasini uliovunjwavunjwa kijiko 1 cha chakula, pilipili manga vijiko 2 vya chai, karafuu kijiko 1 cha chai, kungumanga nusu, unaikwangua kwa kikwaruzo. Hivi sivikaangi, naviweka juani saa moja kisha nasaga. Nusu kijiko cha chai kwa vikombe 3.

Tangawizi nakausha mwenyewe miezi ya Juni mpaka Agosti, wakati mvua zimekatika hapa Mwanza. Ioshe, ikate vipande vyembamba kama karatasi, tandaza kwenye ungo, funika kwa wavu. Kivulini penye upepo ni bora kuliko jua kali. Siku 4 au 5. Kipande kikivunjika kwa mlio kiko tayari, kikipinda kirudishe. Msiwe na haraka hapa. Kiungo kilichosagwa kikiwa na maji kinaota ukungu, na ukungu mwingine unatoa sumu ambayo haiondoki hata ukichemsha. Ukiona doa au kunusa uvundo, tupa chote.

MamaPacha_Igoma

Dada, chai yangu ya maziwa nikitia tangawizi inakatika. Nimebadilisha maziwa mara tatu, nikamgombeza na muuza maziwa. Tatizo nini?

Mpishi_Buzuruga

@MamaPacha_Igoma muuza maziwa hana kosa, mpenzi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Joto linakiua. Chemsha tangawizi kwenye maji kwanza, dakika 5 au zaidi, yatokote kweli, majani yafuate, ndipo umimine maziwa. Ile kavu ya kusaga haisumbui sana, lakini mimi naichemsha kwenye maji vilevile. Isipokuwa maziwa yakiwa yameanza kuchacha, hapo yatakatika kwa lolote.

MamaPacha_Igoma

Nimejaribu asubuhi hii. Haikukatika! Nitamwomba radhi yule kijana.

Nyamagana_B

Nauliza upande wa biashara. Nikipaki kwenye vichupa nikapeleka madukani, inaruhusiwa?

Fundi_Nyakato

Majirani kuwapimia ni jambo moja, duka ni jingine. Usalama wa chakula uko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, hivyo nenda ofisi yao ujue usajili wa eneo na wa bidhaa. Pitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapahapa Mwanza, wanafundisha wajasiriamali wadogo usindikaji na ufungashaji. Na tarehe ya kusaga iandike kwenye kila chupa, hata kabla hujalazimishwa.

Dada_wa_Musoma

Niulize kuhusu manjano. Nasikia mengine yanatiwa rangi.

Mpishi_Buzuruga

Ni kweli, na hilo si la kupuuza. Huko Bangladesh watafiti walithibitisha kwamba manjano yalipakwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi inaharibu ubongo wa watoto. Kwa macho huwezi kuwa na uhakika. Mimi nakwepa yale yanayong'aa manjano kupita kiasi, nanunua mabichi, nayachemsha, nayakata na kukausha kama tangawizi. Mkono unabaki na rangi siku mbili, lakini najua nilichokila.

Kaka_Kirumba

Wakuu nimerudi na mrejesho. Jana nimekaanga giligilani, bizari na pilipili manga kama ulivyoelekeza, nikasaga kwa jagi dogo, nikamkausha sato kwa kitambaa kama mvuvi alivyosema. Mlango ulikuwa wazi, majirani wawili wakaja kuuliza napika nini. Shida moja: niliongeza uwatu kwa sababu nilikuwa nao, mchanganyiko ukawa na uchungu kwa mbali.

Mpishi_Buzuruga

Hongera sana mdogo wangu. Uwatu ukikaangwa mpaka uwe mwekundu unakuwa mchungu, na hakuna cha kuurekebisha. Unatakiwa upate joto kidogo mno, ubadilike rangi kwa mbali tu, na kwa kipimo ulichosaga usizidi robo kijiko cha chai. Kwa sato ungeuacha kabisa. Uhifadhi kwa mchuzi wa maharage, huko unakaa vizuri.

Unga uliousaga usiutupe. Utie kidogokidogo kwenye mchuzi wenye nyanya nyingi, uchungu hautasikika.

@BintiTanga_Mwanza sufuria mbili nimezipika Jumapili, nusu kilo kila moja. Ya bizari mbichi kwenye mafuta ilinukia zaidi wakati wa kupakua. Ya kukaanga kavu harufu yake ilikuwa nzito, na kiporo chake cha Jumatatu asubuhi ndicho watoto walichogombea. Mume wangu alichagua yako.

BintiTanga_Mwanza

Msalimie sana shemeji. Jumapili ijayo nakuja Buzuruga na hiliki zangu, tupike pamoja.